Nambari ya Kosa la Agar

Dada yangu Agar alifungwa Jumatatu, na Jumanne asubuhi mimi ndiye niliyetumwa kwenda kutafuta sheria ya kumfungia.

Sitanii. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya Ananie, mpelelezi wa polisi wa kwetu Mususa, mtaa wa Butembo, ambaye mtaa mzima unamwita OPJ kana kwamba mama yake alimzaa na cheo. Faili la Agar lilikuwa wazi mbele yake. Alilisifu kama mtu anayesifu mbuzi wake sokoni.

"Dossier iko muzuri, Hulda. Iko na plainte, mashitaka ya chef. Iko na bashahidi babili. Iko na chupa." Aliigonga chupa kwa kalamu. "Inakosa kitu moja tu. Angalia."

Niliangalia. Alikuwa ameandika kwa Kifaransa chake cha kulala ubavu kwamba mwanamke aitwaye Agar Kavugho alitoa mimba yake kwa kutaka mwenyewe, kosa linaloadhibiwa na kifungu cha. Baada ya "cha" hapakuwa na kitu. Palikuwa na pengo jeupe, refu kama kidole.

"Numero," akasema. "Bakubwa ba Beni habakubali dossier bila numero ya article. Mwezi ilipita banarudisha mbili. Banaandika juu yake maneno ya haya."

"Na kitabu chako cha sheria kiko wapi?"

"Kitabu!" Alicheka mpaka kofia ikasogea. "Basoldat ba kwanza banaiba ya kwanza. Bale ba pili banawasha ya pili, banapikia maharagi. Toka hapo miye natumikisha kichwa."

"Na kichwa kinasema nini juu ya Agar?"

"Miaka makumi mbili."

"Makumi mbili! Umesoma wapi?"

"Hapana soma. Nilisikia. Toka libération, sheria iko mupya."

Ilikuwa mwaka wa 2001, na sisi wa Butembo tulikuwa tumekombolewa mara nyingi kiasi kwamba tuliacha kuhesabu. Kila mkombozi alifika na bendera, na vizuizi vyake barabarani, na kila safari watu walisema sheria imekuwa mpya. Hakuna aliyewahi kuiona hiyo mpya. Lakini wote waliijua.

"Weye iko na diplôme d'État," Ananie akaendelea. "Unajua Kifaransa ya ma-juge. Enda Beni, uniletee numero. Ukileta mbele ya Ijumaa, tunamaliza. Ukikosa, yaya yako anabakia kwa kasho mpaka numero inapatikana. Miye hapana haraka."

"Yaani mimi, mdogo wake, ndiye nikuletee kamba ya kumfungia dada yangu mkubwa?"

"Sasa nani mwingine? Chef Vagheni iko na kazi."

Papa Vagheni alikuwa mkuu wa mtaa wetu, na ni yeye aliyeshitaki. Lazima niseme jinsi ilivyokuwa, maana katika faili la Ananie haikuwemo.

Kila Jumamosi kulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya mtaa. Mwaka ule ilikuwa kubeba mawe kutoka mtoni hadi barabarani, kuziba mashimo yaliyochimbwa na magari ya askari. Aliyebeba alipewa kijikaratasi chenye muhuri wa Vagheni. Bila kijikaratasi hukupita kizuizini kwenda sokoni, na bila soko Agar hakuwa na kitu cha kula, kwa sababu mume wake Kasonia alikuwa amekwenda Kayna kununua viazi miezi mitatu iliyopita na barabara ikafungwa na vita nyuma yake. Agar alikuwa na mimba ya miezi mitano. Jumamosi ile alimpelekea Vagheni fishi, kadi yake ya kliniki, ambayo juu yake muuguzi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba asibebe mzigo. Vagheni aliisoma mbele ya wanawake wote, kwa sauti, akaigeuza, akaisoma na upande wa pili ambao haukuwa na maandishi.

"Bamama bote hapa bako na mimba," akasema. "Hata miye niko nayo, angalia tumbo!"

Wanawake walicheka, kwa sababu mkuu alipotania ilibidi kucheka. Agar alibeba mawe. Kufika saa tano alikaa chini. Saa tisa tulimbeba sisi, kwa machela ya blanketi, na jioni muuguzi alitoka chumbani akatuambia tusiingie bado.

Jumapili, kanisani, wale wanawake waliocheka walianza kusema. Vagheni alisikia kwamba wanasema, akatutangulia kushitaki. Jumatatu alikuja na polisi wawili nyumbani kwa Agar, ambaye alikuwa hajaweza hata kusimama wima. Jikoni wakakuta chupa ya majani ya mubirizi. Nataka anionyeshe mtu nyumba moja ya Butembo isiyo na chupa ya mubirizi! Tunainywa kwa malaria, tunainywa kwa tumbo, watoto tunawaziba pua ndipo tunawamiminia. Lakini siku ile ilikuwa imegeuka dawa ya kutoa mimba, na Vagheni aliwaambia majirani jambo jingine, kwa kunong'ona kwa nguvu ili kila mtu asikie: bwana yuko Kayna, mimba iko hapa, hesabuni wenyewe. Tulihesabu. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Ila nani alitaka hesabu?

Kabla ya kuondoka niliomba kumwona Agar. Kasho ilikuwa stoo nyuma ya ofisi, na mlango wake ulikuwa wa mbao zilizoachana. Aliongea nami akiwa amekaa chini, nikaona goti lake tu na pindo la kitenge.

"Banasema nini?" akauliza.

"Wanataka niwaletee nambari ya kifungu. Sitaleta, yaya. Wakikosa nambari watachoka."

"Ananie hapana choka. Yee iko anakaa kwa kiti. Leta. Leta yote, na maneno yake. Nataka kusikia banasema nilifanya nini."

Nilimkasirikia njia nzima. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita hamsini na kitu, na lori la kabichi lilitembea siku nzima kwa sababu ya matope, na kwa sababu kila kizuizi askari walitushusha ili watuulize tunakwenda wapi kwenye barabara isiyokwenda mahali pengine. Nilimkasirikia Agar kwa kutaka maneno badala ya kutaka kutoka. Nilimkasirikia Kasonia kwa viazi vyake. Nililala kwa binamu, na Jumatano asubuhi niliingia katika ofisi ya waendesha mashitaka niliyoelekezwa, ambapo sekretari aitwaye Eliane alikuwa anapaka kucha rangi.

"Unatafuta code ya sheria ya zamani ao ya mupya?" akaniuliza.

"Ile mnayotumia."

"Tunatumikisha ile ya chef wa hapa."

"Basi naomba niione."

"Chef iko safari. Armoire ya bitabu iko na ufunguo, ufunguo iko na chef." Alipuliza kidole. "Ni juu ya kosa gani?"

Nilimwambia. Akaacha kupuliza, akaniangalia tumbo.

"Si mimi," nikasema.

"Miye nilisema kitu? Ile ni miaka tano. Ya zamani. Kwa mupya, nasikia bananyonga."

Kumbe adhabu ilikuwa inapanda kadiri nilivyosogea kaskazini. Nilijua nikifika mpakani nitaambiwa wanachoma. Lakini Eliane, Mungu amkumbuke, aliandika jina kwenye karatasi: Maliro, karani wa mahakama wa zamani, amestaafu Oicha, analima kakao. "Yule alipenda bitabu kuliko bibi yake," akasema. "Bibi alienda. Bitabu hapana."

Oicha nilifika mchana, juu ya pikipiki ya mtu wa kanisa letu. Maliro alikuwa kifua wazi, anageuza kakao yake kwenye turubai kwa reki, na hakuacha kugeuza alipokuwa ananisikiliza. Nilipotaja sheria mpya, ndipo alipoitupa reki chini.

"Mupya! Mupya! Kila mutu ananiletea mupya! Mademoiselle, miaka makumi tatu na mbili niliandika ma-jugement. Nitakuonyesha mupya yenu."

Alinawa mikono mara mbili, akavaa shati, akafunga vifungo vyote, akatoa vitabu viwili vilivyofungwa katika plastiki. Kimoja kilichapwa wakati wa Wabelgiji. Cha pili wakati wa Zaïre, na jalada lake lilikuwa na kichwa cha chui. Akanipa kile cha Wabelgiji, yeye akashika cha chui.

"Soma. Article mia moja makumi sita na tano. Polepole. Miye nafuata na kidole."

Nilisoma kwa Kifaransa. Yeye akafuata kwa kidole chenye harufu ya kakao. Nilipomaliza akaniambia nisome tena, kwa sababu nilikuwa nimeruka mkato. Nikasoma tena pamoja na mkato. Yalikuwa maneno yaleyale. Kilichobadilika ni picha ya jaladani.

"Unaona?" akasema kwa furaha mbaya. "Mutu anakufa, mutu anatawala, hakuna hata moja mwenye alikaa chini aandike. Banabadilisha bendera tu. Hata bale ba sasa ba Beni, waulize: mupya yenu iko ukurasa gani?"

"Papa Maliro, ngoja." Nilikuwa nimerudi juu ya ukurasa. "Hiki cha mia moja sitini na tano hakimhusu mwanamke."

"Hapana. Mwanamuke ni sitini na sita. Bote banakuyaka kuomba sitini na sita. Miaka makumi tatu na mbili, hakuna mutu aliomba sitini na tano."

Nilisoma mara ya tatu, na safari hii sikusomea mkato. Kilisema hivi, nikikiweka katika lugha yetu: yeyote ambaye kwa chakula, kwa kinywaji, kwa dawa, kwa mabavu au kwa njia nyingine yoyote amesababisha mimba ya mwanamke itoke, atafungwa miaka mitano hadi kumi na mitano. Na kilichofuata: mwanamke ambaye kwa kutaka mwenyewe ametoa mimba yake, mitano hadi kumi.

"Kumlazimisha mtu mwenye mimba abebe mawe," nikauliza, "ni mabavu?"

"Nilikuwa greffier, karani tu. Hapana juge."

"Umeandika hukumu miaka thelathini na miwili, Papa. Lazima ulifikiri kitu."

"Nilifikiri kila siku! Juu ya kufikiri habakunilipa." Akafunga kitabu cha chui, akakifungua tena. "Mais soma mwisho wa mustari. 'Ao njia ingine yoyote.' Ule mwenye aliandika hii hapana kuwa mujinga. Alijua batu bako na njia mingi."

Kitabu hakunipa. Nilimwomba, nikambembeleza, nikamwambia dada yangu analala juu ya saruji na damu haijakoma. Akaniambia vitabu vyake havijawahi kulala nje. Nilinakili vifungu vyote viwili kwa mkono, akanisahihisha viboko vya juu ya herufi, akaweka sahihi chini na kuandika cheo chake chote na neno "mstaafu".

Alhamisi saa tisa nilikuwa tena mbele ya Ananie, na matope mpaka magotini. Papa Vagheni alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha wageni, kofia juu ya goti. Alikuja kuuliza kama dossier imekamilika.

"Mademoiselle wetu iko na numero," Ananie akasema, akanyoosha mkono.

"Nitasoma mwenyewe," nikasema. "Mwandiko wangu ni mbaya."

Nilianza na sitini na sita. Vagheni alitikisa kichwa kwa huzuni nzuri ya shemasi. "Miaka tano mpaka kumi," akasema. "Ni kidogo, mais ni sheria."

"Kinasema kwa kutaka mwenyewe," nikasema. "OPJ, Agar alitaka lini? Umeandika wapi kwamba alitaka?"

"Chupa," akasema Ananie.

"Fungua unuse."

Hakufungua. Alijua harufu yake, kwa sababu mke wake ananunua majani kwa mama yangu. Nikasoma sitini na tano. Nilisoma kwa Kifaransa, halafu nikakitafsiri neno kwa neno, na kwenye "njia nyingine yoyote" nikasimama ili ipate nafasi ya kukaa.

Ananie alikuwa mvivu, lakini hakuwa butu wa akili. Nilimwona akiangalia kofia juu ya goti la Vagheni.

"Hiyo ni ya ma-infirmier," Vagheni akasema haraka. "Ya bale banachoma sindano."

"Haisemi infirmier. Inasema yeyote."

"Miye sikutaka mimba itoke! OPJ, niko na batoto tisa, nitataka mimba ya mutu itoke?"

"Ulisoma fishi, Papa," nikasema. "Wanawake wote walikusikia. Muuguzi ameandika asibebe, ukasoma, ukasema una mimba na wewe. Agar ambaye hakujua kama mubirizi ni kosa, huyo alitaka. Wewe uliyesoma kwa sauti, hukutaka?"

"Salongo ni ya serikali!"

"Serikali ipi?" Ananie akauliza, bila kufikiri, halafu akajuta. Alijikuna shingo. Akaweka kalamu juu ya pengo, akaiondoa. "Donc, chef. Kama naandika numero moja, bale ba Beni batasoma ya juu yake pia. Iko ukurasa moja. Nitafanya nini? Nitafunika na kidole?"

Vagheni alitazama dirisha. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, kwamba yeye ni mzazi, na mzazi anasamehe, na anaondoa mashitaka yake.

"Voilà," akasema Ananie, na pumzi yake ilijaza chumba. "Tunapasula karatasi, kila mutu anaenda kwake."

Nilikimbia kwenda nyuma mwenyewe. Agar alitoka akishika ukuta, rangi yake kama ya majivu, akaingia ofisini ili achukue fishi yake, ambayo polisi waliichukua pamoja na chupa. Nilimwambia mlangoni: imekwisha, twende, mama ameweka maji motoni. Aliitazama meza, akamtazama Vagheni aliyekuwa anavaa kofia.

"Imekwisha namna gani?" akauliza.

"Chef anakusamehe," Ananie akasema.

"Ananisamehe nini?"

Nilimvuta mkono. Alikuwa mwepesi kama fagio, lakini hakusogea.

"Yaya, tafadhali. Siku tatu niko barabarani. Twende kabla hawajabadili mawazo."

"Unaandika nini pale?" akamwuliza Ananie.

"Hapana andika. Ninapasula."

"Hapana pasula."

"Bibi ya Kasonia, uko libre, uko huru! Batu banalilia hiyo!"

"Nikienda hivi, mama-mukwe atasema banamufungua. Kasonia akirudi atakuta bibi mwenye alifunguliwa, hapana bibi mwenye hakufanya. Watu watanihesabia miezi mpaka nizeeke." Hakupaza sauti, hakuwa na nguvu za kuipaza. "Sikufunguliwa. Sikufanya. Andika ile."

"Nikiandika hukufanya," Ananie akasema, kama anayemweleza mtoto, "bataniuliza nani alifanya. Mimba haitoke yenyewe."

"Ndiyo ile. Andika."

Vagheni alikuwa amefika mlangoni. Nilisimama mlangoni pia, na sijui nilifikaje huko. Mimi niliyekuwa namvuta Agar atoke, sasa nilikuwa namzuia mkuu wa mtaa asitoke, na hasira zangu zote nilizokuwa nimemwekea dada yangu tangu Jumanne hazikuwa na mahali pa kukaa. Akaniambia, "Pisha, binti." Nikamwambia, "Papa, unahitajika kwenye dossier."

Ananie alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anapima ni nani atamsumbua zaidi. Vagheni angemsumbua kwa barua na kwa marafiki wa Beni. Agar angekaa tu pale, kesho na keshokutwa, akivuja damu kwenye benchi lake mbele ya watu wote wanaokuja kushitaki wizi wa kuku. Alikunja uso, akavuta karatasi mpya.

"Salongo ilikuwa tarehe gani?" akauliza.

Agar akamwambia. Akamwambia saa, na idadi ya safari alizofanya kutoka mtoni, na majina ya wanawake watatu waliosikia fishi ikisomwa. Ananie aliandika akinung'unika, akaniuliza tahajia ya neno moja la Kifaransa, akaliandika vibaya hata baada ya kuambiwa. Nilimsogezea Agar kiti alichoacha Vagheni. Hakukitaka. Alisimama akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anaifuata kalamu kwa macho, ingawa Kifaransa hajui.

"Kwa amri ya nani?" Ananie akauliza bila kuinua kichwa.

"Unajua."

"Sema wewe. Ni wewe unasema, miye naandika."

"Vagheni," akasema Agar. "Chef wa mtaa. Yule pale mlangoni."

Akasubiri mpaka jina lote limeandikwa, ndipo akakaa.